NGOZI INAPOLEGEA, UPENDO USILEGEE

  Katika somo la leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kila tunapooga, lakini hatulisemi: ngozi ya mwili inayolegea na kukunjamana kadiri umri unavyosonga. Ngozi ya shingo, ya mikono juu ya kiwiko, ya matiti, ya tumbo na ya mapaja. Huenda ukajiuliza, je, jambo hili linahusianaje na ndoa? Soma kwanza kisa hiki.

Mama mmoja, mwenye watoto sita, alikuwa ametimiza miaka 51. Siku moja jumuiya ilisali nyumbani kwake. Baada ya sala, alipokuwa akiwapa wageni chai, mumewe akatania mbele ya watu wote: “Huyu mama watoto siku hizi amekuwa kama gunia lililomwagwa mahindi.” Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akaendelea kumimina chai. Lakini tangu usiku huo alianza kuzima taa kabla ya kuvua nguo. Mumewe akimgusa tumbo, aliuondoa mkono wake. Hali hiyo ilidumu miaka miwili.

Katika miaka hiyo mama alisikia kwamba sokoni kuna krimu ya kurudisha ujana. Akaanza kupunguza pesa za matumizi kidogo kidogo, akainunua. Uso uling'aa kwa majuma machache, kisha ukawa mwekundu, halafu mashavuni yakatokea madoa meusi. Mume alipoona mkewe amebadilika rangi, na tena hataki kuguswa, akaamua moyoni kwamba kuna mwanamume mwingine. Nyumba ikawaka moto. Bahati nzuri, muuguzi wa zahanati aliyemhudumia mama kwa ajili ya madoa yale alimwuliza: “Mama, ni nani aliyekwambia wewe si mzuri?” Mama akalia. Muuguzi akaomba aje na mumewe. Mzee yule hakukumbuka hata kidogo maneno aliyoyasema siku ile ya sala. Kwake yalikuwa mzaha wa dakika moja. Kwa mkewe yalikuwa miaka miwili ya giza.

Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa. Ni kweli, hayavunji mfupa. Lakini yanaweza kuzima taa ya chumba cha kulala.

KWA NINI NGOZI HULEGEA?

Tuanze kwa kuelewa, kwa maana mtu hukidharau kile asichokielewa. Ngozi yetu ina tabaka tatu. Lile la juu ndilo tunaloliona. Chini yake lipo tabaka nene lenye nyuzi imara ziitwazo kolajeni, ambazo huipa ngozi nguvu, na nyuzi nyingine ziitwazo elastini, ambazo huifanya irudi mahali pake ikivutwa, kama mpira wa kiunoni mwa sketi. Chini kabisa yapo mafuta yanayoijaza ngozi na kuufunika mwili usipate baridi.

Kuanzia miaka ya 20 na kitu, kolajeni hupungua polepole, karibu asilimia moja kila mwaka. Elastini nayo huchakaa, na mpira wa sketi ukichakaa haurudi tena. Mafuta ya chini hupungua usoni na mikononi. Tezi zinazotoa mafuta ya ngozi hulegeza kazi, na ngozi ikawa kavu. Misuli nayo husinyaa, basi ngozi hubaki kubwa kuliko kile inachokifunika.

Kwa akina mama kuna jambo la ziada. Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo homoni iitwayo estrojeni hushuka sana, na katika miaka mitano ya kwanza ngozi ya mwanamke inaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni yake. Mume mpendwa, zingatia jambo hilo. Ukiona mkeo amebadilika kwa haraka katika miaka hiyo, usidhani amejiachilia au amekuwa mvivu wa kujitunza. Na tumbo unalolitania lilitanuka likibeba watoto wanaoitwa kwa jina lako.

Wanaume hawajasamehewa. Ngozi yao ni nene zaidi, hivyo hulegea polepole, lakini hulegea. Wapo wazee wengi ambao hawakunji tena mikono ya shati hata wakati wa joto, kwa sababu mikono iliyokuwa ikibeba magunia mawili sasa imenywea. Mwanaume huona aibu pia, ila yeye huificha kwa ukali au kwa ukimya.

Sisi wenye ngozi nyeusi Mungu ametupa kinga. Rangi yetu huzuia sehemu ya miale ya jua, ndiyo maana makunyanzi ya uso hutufikia miaka kadhaa baada ya kuwafikia Wazungu. Hata hivyo kinga hiyo haizuii ngozi kulegea.

MAMBO YANAYOHARAKISHA

Umri hauwezi kuzuiwa, lakini yapo mambo yanayousukuma mbele. La kwanza ni jua kali. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, na anayelima au kuuza sokoni hukaa juani mwaka mzima. La pili ni sigara, ambayo hubana mishipa midogo ya damu na kuinyima ngozi chakula. La tatu ni kunenepa na kukonda mara kwa mara. Ngozi iliyotanuliwa kwa miaka mingi haiwezi kurudi yote mtu anapokonda ghafula. Anayetaka kupunguza uzito afadhali apunguze polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa juma. La nne ni pombe nyingi pamoja na chakula hafifu.

TAHADHARI: KRIMU ZA KURUDISHA UJANA

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu pesa nyingi za familia hupotelea hapa, na afya pia.

Je, ipo krimu inayoweza kukaza ngozi ya tumbo au ya mikono iliyokwisha kulegea? La hasha. Mafuta ya kujipaka hulainisha ngozi na kuifanya ionekane imejaa kwa saa kadhaa, na hilo ni jambo jema. Lakini hata krimu iliyoandikwa kwamba ina kolajeni haiwezi kuiingiza ndani, kwa sababu chembe za kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Ipo dawa ya jamii ya vitamini A ambayo daktari wa ngozi anaweza kuandika. Hupunguza makunyanzi madogo ya uso baada ya miezi mingi, na mama mjamzito haruhusiwi kuitumia. Ngozi iliyolegea sana huondolewa kwa upasuaji tu, nao ni ghali, una hatari zake na huacha kovu.

Zilizo mbaya zaidi ni zile krimu za kujichubua zinazouzwa kwa jina la kurudisha ujana. Nyingi zina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Steroidi zikitumiwa ovyo huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Yaani mtu ananunua krimu ili ngozi yake iwe changa, kumbe anaizeesha. Jeraha likitokea linachelewa kupona. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa ya bluu na nyeusi yasiyotoka, kama yale ya mama wa kisa chetu. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto tumboni na katika maziwa ya mama. Tena rangi yetu ikichubuliwa, ile kinga dhidi ya jua nayo inaondoka.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni hapa Kenya tangu mwaka 1998, lakini bado huingizwa kwa njia za panya. Kwa hiyo soma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Ukiona neno Mercury, Hg, Calomel au Cinnabaris, rudisha. Ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au vito, rudisha pia, maana onyo hilo huashiria zebaki. Na ikiwa kopo halina maandishi yoyote, hilo nalo ni jibu.

UTUNZAJI WA NGOZI NYUMBANI

Mambo yafuatayo hayahitaji pesa nyingi.

1. Ogeni kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto sana. Maji ya moto na sabuni kali huondoa mafuta machache yaliyobaki. Sabuni ya kufulia si ya kuogea.

2. Jipakeni mafuta mara baada ya kuoga, wakati ngozi bado ina unyevu, ili maji yafungiwe ndani. Mafuta ya kawaida ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kabisa. Uzuri wa mafuta hauko katika bei.

3. Penye mikunjo, kama chini ya matiti, chini ya tumbo na kwenye kinena, osheni na kukausha vizuri kwa taulo laini. Unyevu ukikaa pale huleta fangasi, wekundu na harufu. Mama wengi huteseka kimya kwa jambo ambalo dawa ya zahanati hulimaliza kwa majuma machache.

4. Jikingeni na jua, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, leso au nguo ya mikono mirefu, vyote ni kinga.

5. Kuleni vyakula vya kujenga mwili: maharagwe, ndengu, mayai, omena, maziwa. Mwili huhitaji pia vitamini C ili kutengeneza kolajeni, nayo imo katika mapera, machungwa, mapapai na sukuma wiki isiyopikwa kupita kiasi.

6. Tembeeni na kufanya kazi za mikono. Misuli ikipata nguvu huijaza ngozi kidogo kutoka ndani, na miguu yenye nguvu humzuia mzee kuanguka.

Msisahau kwamba ngozi ya uzeeni ni nyembamba na huchanika upesi. Usimvute mwenzako kwa mkono anapoinuka, mshike kwa kumkumbatia kiunoni. Kata kucha zako fupi unapomwogesha. Kama hawezi kutoka kitandani, mgeuze takriban kila saa mbili ili asipate vidonda.

NINI KIFANYIKE NDANI YA NDOA?

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Ngozi iliyolegea haijawahi kuvunja ndoa. Yanayovunja ni mambo matatu yanayoifuata: dhihaka, kujificha, na kudhania.

Kuhusu dhihaka. Kuna mizaha ambayo ni kitoweo cha ndoa, lakini mwili wa mwenzako si mzaha wa kuwapa wageni. Usimlinganishe na wasichana wa leo, wala na picha yake ya harusi. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na wako pia umekwenda. Nanyi akina mama, msimwite mumeo “mzee kipara” mbele ya watoto kisha mkashangaa kwa nini hakai nyumbani. Kama umekwisha kusema neno la kuumiza, usingoje lisahauliwe. Rudi uliombee msamaha kwa kulitaja: “Mama watoto, siku ile nilisema hivi mbele ya watu. Nilikosa.” Na ikiwa lilisemwa mbele ya watu, si vibaya ukamsifu mbele ya watu walewale.

Kuhusu kujificha. Anayejificha huona kwamba anamwepushia mwenzake jambo baya, kumbe anamnyima jambo jema. Mwenzako hakukuona jana. Alikuwepo ngozi hiyo ilipotanuka, alikuwepo ulipougua, alikuwepo ulipovuna. Mwambie tu: “Baba, siku hizi naona haya kuhusu tumbo langu.” Ni sentensi fupi, lakini ingaliokoa miaka miwili katika nyumba ile tuliyoisoma.

Kuhusu kudhania. Baada ya kukoma hedhi, ukavu hufika hata sehemu za siri, na tendo la ndoa linaweza kuleta maumivu. Mke huanza kukwepa, naye mume hudhani amekataliwa au kuna mwingine. Hali kadhalika, nguvu za mume zinapopungua kwa sababu ya umri, kisukari au shinikizo la damu, mke hudhani kwamba sura yake ndiyo imemchosha. Wote wawili hulala wakitazama kuta mbili tofauti, kila mmoja akijilaumu. Tafadhali ulizeni badala ya kudhania. Hali hizi zina matibabu. Nendeni kliniki pamoja, msione haya. Wahudumu wa afya wamekwisha kuyasikia hayo mara nyingi.

Maandiko hayakuficha habari hizi. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Sara alicheka kimoyomoyo alipofikiri kwamba yeye amechakaa na mumewe ni mzee, iweje wapate tena furaha. Hakuna aliyemfukuza kwa sababu ya umri wake. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 163 na 164, aliwakumbusha wanandoa kwamba siku hizi watu huishi pamoja miaka 40, 50 hata 60, kwa hiyo inabidi kuchaguana upya mara kwa mara. Aliongeza kwamba sura ya nje ikibadilika si lazima mvuto ufe, maana aliyependwa ni mtu mzima na si mwili peke yake. Siku ya harusi hamkuahidiana ngozi. Mliahidiana maisha.

Basi lipo zoezi moja ambalo nawaombeni mlijaribu juma hili. Mgongo ni mahali ambapo mtu hafikii mwenyewe, na uzeeni huweza kuwasha. Baada ya kuoga jioni, mmoja ampake mwenzake mafuta mgongoni, kisha wabadilishane. Msiwe na haraka, wala msidai kitu kingine chochote. Waliozoea kuguswa kwa wema hawaoni haya kutazamwa.

LINI KUMWONA DAKTARI?

Si kila ulegevu ni wa uzee. Nenda hospitali upesi ukiona ngozi imelegea kwa sababu umekonda bila kupunguza chakula, maana kisukari, kifua kikuu, virusi vya ukimwi na saratani huweza kuanza hivyo. Nenda ukiwa na mwasho wa mwili mzima usio na upele, kwa sababu ini au figo zinaweza kuwa chanzo. Nenda ukiwa na kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa, au alama nyeusi inayokua na kubadilika umbo. Sisi Waafrika tuangalie hasa nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwenzako ndiye kioo chako: yeye huona nyayo na mgongo wako kabla yako. Hiyo nayo ni sababu ya kutozima taa.

Je, wale wa kisa chetu waliishia wapi? Madoa ya mashavuni yalififia kidogo, hayakwisha. Krimu ilitupwa. Siku jumuiya iliporudi kusali kwao, mzee alisimama na kusema kwamba ana neno la kurekebisha, akalirekebisha. Mama hakusema kitu, aliendelea kumimina chai. Lakini usiku huo taa ilichelewa kuzimwa.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, kuna neno nililowahi kusema juu ya mwili wako ambalo bado linakuuma?

2. Ni sehemu gani ya mwili wako unayoionea haya mbele yangu, na tangu lini?

3. Pesa tunazotumia kwa mafuta na vipodozi ni kiasi gani, na je, tunajua vilivyomo?

4. Mmoja wetu akidhoofika, angependa ashikwe, aogeshwe na kuvishwa namna gani?

Jibuni kwa upole, mmoja akisema na mwingine akisikiliza. Mungu abariki nyumba zenu.